Desemba tuliyolipa kuonyeshwa pori

Mama alipojua kwamba nimelipa ili nipelekwe porini kuona uyoga, aliniuliza kama kazi ya ualimu inalipa vizuri siku hizi. Yeye alikulia huko, upande wa barabara ya Kasenga, na utoto wake wote, mvua zikianza, alitumwa msituni na beseni kichwani bila mtu kumdai hata franga moja. Mimi nilizaliwa mjini, Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Uyoga niliujua kwenye soko la mtaa wetu mwingine uitwao Kenya, umepangwa mafungumafungu juu ya gunia, na udongo mwekundu bado umegandamana kwenye mashina yake.

Ilikuwa Desemba 2017. Kijana mmoja aliyesomea kilimo alikuwa ameanza kupeleka watu wa mjini vijijini: unachanga pesa ya gari, ya chakula na ya wenyeji watakaokuongoza, mnaondoka alfajiri, jioni mmerudi. Kundi letu lilikuwa na walimu wachache, mwanafunzi wa biolojia kutoka chuo kikuu, na bwana na bibi waliovaa viatu vyeupe. Sina la kusema zaidi kuhusu viatu hivyo. Tope la Desemba lilisema lote.

Njiani tulipishana na baiskeli za makala, yaani mkaa wa kupikia. Anayeijua barabara ile anajua zinavyokuja: mwanamume amejikunja nyuma, anasukuma kwa mabega, magunia yamempita kimo, uso wake huuoni mpaka mkaribiane. Tulizipisha moja baada ya nyingine, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameacha nyumbani mbabula, jiko lake la mkaa, ukingoja makala hayohayo.

Kijijini tulianza kwa mkuu wa kijiji, kama desturi inavyotaka. Tulimpa sukari na chumvi, tukaeleza tumetoka wapi na tunataka nini. Yule wa viatu vyeupe alitaka kufupisha mambo, akaangaliwa tu. Ndipo tukakabidhiwa kwa mama mmoja mzee, mwembamba, kitenge amekifunga juu kifuani, kikapu mkononi. Wote walimwita Nkambo, yaani bibi, na sisi tukamwita hivyo. Nyuma yake walikuja wajukuu, kila mmoja na kisu chake au kijiti chake.

Hatujafika mbali mwenzetu mmoja akauliza, "Nkambo, nyama iko wapi?" Alikuwa na kamera kubwa, akitarajia hata swala.

"Nyama?" Nkambo hakugeuka. "Nyama tulishakula."

Wajukuu walicheka mpaka wakaegemeana. Ni kweli lakini. Karibu hivyo na Lubumbashi, mji wa shaba ulioanza 1910 na ambao haujaacha kula tangu siku hiyo, wanyama wakubwa wametoweka. Anayewataka afuate barabara ileile mbele zaidi, kuelekea mbuga ya Kundelungu, na hata huko awe na subira. Sisi tulikuwa tumekuja msimu wa viumbe vingine.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha sana, na inswa, yaani kumbikumbi, walikuwa wanatoka. Kichuguu cha kwanza tulichokikuta kilizidi urefu wa nyumba. Kwetu vinaweza kufika mita 8, na matofali mengi ya Lubumbashi yamechomwa kutokana na udongo wake. Watoto walikuwa wameziba matundu kwa majani, wakaacha njia moja tu inayoangukia kwenye chungu. Kumbikumbi hungoja mvua hiyo mwaka mzima: ardhi ikilainika, dume na jike wanaruka, wanadondosha mabawa, wanachimba na kuanzisha kichuguu kipya. Wengi hawafiki. Juu ya vichwa vyetu ndege wa keremkerem walikuwa wakiwadaka hewani, wanapinda, wanarudi tawini, wanampigapiga aliyenaswa kabla ya kummeza. Mwanafunzi alitueleza kwamba baadhi yao hutoka Ulaya kila mwaka kukimbia baridi. Nkambo akasema basi nao wanajua mahali chakula kilipo, ila hawalipi.

Kijana wa kilimo alikohoa kidogo.

Uyoga ulianza chini ya miti, pale muputu na mutondo wanaposhikana matawi. Mwanzoni sikuona kitu. Majani makavu tu, unyevu, harufu ya udongo. Mjukuu mmoja, sidhani kama alikuwa amefika miaka saba, aliinama karibu na kiatu changu akainuka na uyoga mweupe uliojaa kiganja chake. Nilikuwa nusura niukanyage. Baada ya hapo macho yakazoea polepole, ukiona mmoja unaona na wa pili, ingawa watoto waliniacha nyuma kabisa.

Mwanafunzi wetu alikuwa na kanuni yake. Alituonya kwa sauti kwamba uyoga wenye kifuko chini ya shina ni sumu, tusiuguse. Nkambo alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akaingiza vidole chini ya majani, akang'oa uyoga mzima pamoja na kifuko chake, akautia kikapuni. "Huyu ni tente," alisema. "Kuko mwingine wa kufanana naye, ule unauaka. Usiache mkono wako uende mbele ya macho." Akamwonyesha shina, kofia, zile kunjo nyembamba za chini ya kofia, akamnusisha. Akarudia kwa kabansa, uyoga wa aina nyingine. Mwanafunzi alitoa daftari, na kuanzia hapo hakututolea kanuni tena, aliandika tu. Nadhani ndiye aliyefaidi pesa yake kuliko sisi wote.

Uyoga mkubwa kuliko wote tuliukuta kando ya kichuguu cha zamani. Kofia yake inaweza kufika karibu mita 1, na wauzaji wa barabarani huuinua juu kama mwavuli gari likipita. Nkambo hakuukata. Alichimba kwa kijiti akifuata shina lake linaloshuka, linazidi kushuka, mpaka lilipokatika likielekea kwenye makao ya mchwa. Mchwa ndio wanaoulima uyoga huo: wanaleta nyasi na miti mikavu, uyoga unaimeng'enya, nao wanakula kilicholainishwa. Shina refu namna hiyo ni mojawapo ya alama anazozitazama mpishi.

Tente na kabansa hawategemei mchwa. Hao wana mkataba na miti. Nyuzi zao hushika mizizi ya muputu na mutondo, zinaipelekea maji na madini, mti nao unazilisha sukari. Nilipata kusikia mambo hayo shuleni; profesa Mbelgiji François Malaisse aliishi Lubumbashi miaka mingi akichunguza msitu wetu na vyakula vyake. Lakini nilielewa pale tulipotokea ghafla kwenye mwanga. Miti ilikwisha. Visiki, majani mabichi ya visiki, na katikati tanuri la makala limefunikwa udongo, linatoa moshi wa buluu pembeni.

Nkambo alipita haraka, bila kuinama hata mara moja.

"Hapa hamna?" niliuliza.

"Hapa nilikuwa ninajaza beseni mbele jua halijapanda. Sasa utaokota nini? Umeondoa mama, unatafuta mtoto?"

Tanuri lilikuwa la mwanawe. Alituamkia vizuri, akajipangusa mikono kabla ya kutupa mkono wa salamu. Hakuonekana mwenye aibu, wala sioni kwa nini angeona aibu mbele yetu: gunia la makala linauzika Januari hadi Desemba, uyoga ni wa miezi michache, na wageni kama sisi hawaji kila wiki.

Tulikula bukari, yaani ugali, na uyoga uliopikwa kwa karanga za kutwanga, inswa wa kukaanga na chumvi, na matunda ya mwituni yaitwayo masuku mwishoni, unatema mbegu huku unazungumza. Bibi wa viatu vyeupe, ambavyo sasa vilikuwa vya kahawia, aliongeza bukari mara mbili.

Tulipokuwa tunapanda gari, mwana wa Nkambo alikuja na magunia mawili begani na kwa mkono. Aliomba tumfikishie mjini kwa dada yake. Kukazuka mabishano. Mwanafunzi alikataa: hatuwezi kutoka kujifunza msitu tukarudi tumebeba makala. Dereva, aliyekuwa amelala garini tangu asubuhi, alimuuliza nyumbani kwao wanapikia nini umeme ukikatika. Mwenye kamera akasema ni suala la nafasi tu. Mwishowe magunia yaliingia chini ya viti, vikapu vya uyoga vikakaa juu yake, na dereva akadai nauli, akapewa masuku kofia tele, akasema hayatoshi, akaongezewa.

Mwanafunzi alikaa juu ya gunia mpaka mjini, kwa kuwa mahali pengine hapakuwapo, akimuuliza kijana wa kilimo kama mwezi wa tatu, wakati wa viwavi, kutakuwa na safari nyingine na kama Nkambo ndiye atakayeongoza.