Sapu ya aljebra mstari niliitoa kwa kipande cha neti ya dirishani

Watu wakisikia nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya aljebra mstari mwaka wa kwanza wa chuo, wanadhani nilikuwa sisomi. Nilisoma sana! Tatizo nilisoma nilichoambiwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu tuliyekuwa naye jirani geto, Changanyikeni. "Dogo, ile kozi haina mambo. Maswali yanajirudia. Meza pasti pepa tu, unatoka na A." Nikaenda steshenari nikatoa kopi za miaka minane, bumu likakatika elfu kumi na kitu, nikaanza kumeza.

Na kumeza nilimeza. Usiku kwenye vimbweta mimi ndiye niliyekuwa naelekeza wenzangu kupunguza mistari ya matriksi, yaani lile jedwali la namba, mpaka mlinganyo utoe jibu. Mpaka leo hilo hakuna anayeniweza: ukiona unataka kugawanya mstari kwa 3 na sehemu zianze kukusumbua, acha, toa mstari mmoja kwenye mwingine mpaka upate 1 pale mwanzoni, halafu endelea. Tunaiita njia ya Gauss, mwanahisabati Mjerumani aliyezaliwa 1777, wakati Mchina Liu Hui alikuwa anaifafanua tangu mwaka 263. Haya yote nilikuwa nayahubiri kwa mbwembwe.

Siku ya mtihani, swali la kwanza: thibitisha kwamba majibu yote ya Ax = 0 yanaunda sabuspesi, yaani kundi ambalo ukijumlisha au kuzidisha vilivyomo hutoki nje yake. Hakuna namba hata moja. Nikageuza karatasi nyuma, labda namba zimechapwa huko. Hamna kitu. Nikamwangalia msimamizi, naye akaniangalia. Basi nikajitungia matriksi yangu mwenyewe, tatu kwa tatu, nikaipunguza kwa ufundi wote, nikapata x, y na z, nikapiga mistari miwili chini ya jibu kwa rula. Nikatoka nje natabasamu. Kumbe zilitakiwa hoja tatu fupi tu: sifuri imo, ukijumlisha majibu mawili unapata jibu jingine, ukizidisha jibu kwa namba yoyote, bado ni jibu. Alama za swali lile tunazijua mimi na msahihishaji.

Likizo nikahamia kwa shangazi Tabata kusomea sapu. Wiki mbili za kwanza nikarudia ujinga uleule, safari hii kwa video na bando la usiku.

Kilichoniokoa ni fundi aliyekuja kubadilisha neti za madirisha. Alibakisha kipande kama cha leso, zile za nailoni zenye vijumba vya mraba. Nilikuwa nakichezea tu mkononi, nikakishika pembe mbili zinazotazamana, nikavuta. Vijumba vikalala, vikawa kama vishada. Nikaachia. Nikavuta tena. Nikaenda kutafuta maka pen.

Nikachora mishale minne inayotoka katikati: miwili inafuata nyuzi, miwili inakwenda pembe kwa pembe. Nikavuta. Ile ya kwenye nyuzi ikageuka, ikaelekeana. Mshale uliokuwa upande ninaovutia haukugeuka hata kidogo, ulirefuka tu. Uliokatiza nao haukugeuka, ukafupika. Shangazi akapita na beseni la nguo, akasimama. "Baba, hiyo neti imekukosea nini?"

Nikakimbilia daftari. Mstari wa juu nikaweka 1 na 0.3, wa chini 0.3 na 1. Nikazidisha matriksi hiyo na mshale wa upande ninaovutia, (1, 1), ukatoka (1.3, 1.3). Nikazidisha na ule uliokatiza, (1, −1), ukatoka (0.7, −0.7). Jamani! Hizo 1.3 na 0.7, yaani mshale umerefuka au kufupika mara ngapi, ndizo thamani aigeni, na mishale iliyokataa kugeuka ndiyo vekta aigeni. Muhula mzima nilikuwa nazikokotoa kama anayekariri namba ya simu ya mtu asiyemjua. Ditaminanti yake ni 0.91, yaani kijumba cha eneo 1 kimebaki na 0.91. Na ukivuta neti mpaka ijikunje iwe kamba, eneo linakwisha, huwezi tena kujua uzi gani ulikaa wapi. Ndiyo maana matriksi yenye ditaminanti sifuri haina kinyume, ile matriksi ya kurudisha kila kitu kilikotoka. Yule kaka wa mwaka wa tatu hakuwahi kuniambia hili, na sidhani kama alilijua.

Kuna kitu kingine nilikiona hapohapo, na kimeniokoa mara nyingi kwenye mtihani: jumlisha thamani aigeni ulizopata, lazima zilingane na jumla ya ulalo wa matriksi (1.3 na 0.7 ni 2, na ulalo ni 1 na 1). Zizidishe, lazima upate ditaminanti. Zikigoma, umekosea, rudi nyuma kabla hujakusanyiwa karatasi.

Wiki zilizobaki sikugusa pasti pepa. Kila fasili nilijilazimisha kuieleza kwa mdomo kwa binamu yangu wa kidato cha pili. Akikunja uso najua sijaielewa mimi. Nilimlipa chipsi mayai, mara tatu au nne hivi.

Sapu nikatoka, C, ambayo ndiyo ya juu kabisa wanayokupa ukirudia, kwa hiyo msinicheke. Kipande cha neti alikichukua shangazi akafunikia jagi la maji. Mishale bado inaonekana, na mgeni akiuliza, shangazi anamwambia hiyo ni hesabu ya chuo.