Hifadhi za Tanga: anza na kalenda ya mwezi

Wengi wanaopanga kuzunguka hifadhi za Tanga huanza kwa kupima kilomita. Kwa pwani hii, tazama kwanza mwezi uko siku ya ngapi, kwa sababu tarehe ya kwenda Maziwe huipangi wewe, huipanga maji kupwa na kujaa. Hifadhi ya Taifa ya Saadani na msitu wa Amani zitakusubiri.

Maziwe, nje ya Pangani, ni eneo tengefu, yaani eneo la bahari linalolindwa, tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Leo ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Nenda wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ondoka Pangani au Ushongo mapema asubuhi, ufike maji yakiwa bado yanatoka, na uwe umeshapanda boti kabla ya saa saba mchana. Kila siku inayofuata, kupwa huchelewa kwa dakika kama 50. Ukienda wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, mchanga utauona kidogo sana, na nahodha mkweli atakwambia hivyo kabla hujalipa.

Kaskazi, upepo wa kaskazini unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo majira mazuri ya kutazama matumbawe ya Maziwe. Masika Mto Pangani humwaga tope baharini, na kusi, upepo wa kusini, ikikaza mawimbi ya mchana yanachosha. Vaa jaketi okozi tangu ufukweni. Ukiwa majini, elea: usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka, maana yanavunjika nawe yanakukata.

Kasa bado hupanda Maziwe kutaga, lakini mayai yakiachwa pale yanafunikwa na maji. Ndiyo maana huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu: yai hubebwa vilevile lilivyolala, kwa sababu saa chache baada ya kutagwa kiinitete hujishikiza kwenye ganda, na likigeuzwa kinakufa. Huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Ukibahatika kuwaona wadogo wakishuka majini, zima tochi na simu. Wao hufuata mwanga wa upeo wa bahari, na taa yako inawapoteza njia.

Saadani iende kiangazi, Juni hadi Oktoba, nyasi zikiwa fupi. Udongo wake mweusi ukilowa hunasa hata gari lenye nguvu. Acha nguo za bluu na nyeusi nyumbani, rangi hizo huwavuta mbung'o. Wala usiende kwa ajili ya picha ya tembo ufukweni tu, kwani hutokea mara chache. Boti ya Mto Wami, yenye viboko na mamba, haikuangushi.

Amani, juu ya Muheza, ni msitu wa mvua, kwa hiyo koti la mvua ni la lazima hata jua likiwaka mjini Tanga. Kutoka lango la Sigi barabara inapanda kwa kona kali na huteleza; ulizia hali yake kabla hujapanda. Maua madogo ya zambarau ya Saintpaulia yatafute kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito, na usiyang'oe. Vinyonga watafute usiku pamoja na mwongozaji: wakilala hupauka, na tochi ikipita juu ya tawi wanaonekana kirahisi kuliko mchana.

Jambo moja huwachanganya wageni. Saadani iko chini ya TANAPA (Hifadhi za Taifa), Amani chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na Maziwe chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kibali cha mmoja hakitumiki kwa mwingine. Omba namba ya malipo ya kila sehemu ukiwa bado mjini, ulipie hukohuko, kisha beba kitambulisho cha Taifa ili utozwe kiwango cha raia.