Nilivyofanya tathmini ya hatari ya moto kwenye duka la vitambaa na ushonaji

Niliifanya saa kumi jioni, duka likiwa limejaa. Asubuhi kabla ya kufungua, njia zote huwa wazi na soketi hazina kitu. Ukikagua saa hiyo unaandika habari za duka jingine. Jengo ni la ghorofa moja, Kariakoo: chini vitenge na mashuka, juu cherehani nane na stoo.

Nilianza na umeme. Juu, pasi mbili za wati 1,200 kila moja na birika la wati 2,000 vilichomekwa kwenye ekstensheni moja. Jumla wati 4,400. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 19. Ekstensheni ni ya ampea 13, na plagi yake haikuwa na fyuzi. Breka ya laini ile ni ya ampea 20, kwa hiyo haijikati, huku ekstensheni inaungua polepole. Niliichomoa plagi nikaigeuza: kwenye mzizi wa pini moja plastiki ilikuwa na rangi ya chai na imeanza kuvimba. Pini ikilegea ndani ya soketi, joto hukusanyika papo hapo hata umeme usipozidi, na breka haina namna ya kujua. Kununua ekstensheni nene zaidi hakutibu kitu. Fundi umeme alivuta laini mpya ya waya wa milimita za mraba 2.5, kila pasi ikapata soketi yake ukutani, yenye taa nyekundu ya kuonyesha imewashwa. Birika likahamia chini. Meza ya pasi ikasogezwa mita moja kutoka kwenye rafu za vitambaa.

Kisha njia ya kutokea. Fundi cherehani anayekaa mbali zaidi na ngazi alitembea hadi barabarani nikiwa nimeshika saa: dakika moja na sekunde kumi. Marobota mawili yalikuwa kwenye ngazi, na mlango wa nyuma una kufuli ambalo ufunguo wake hukaa kwa meneja. Marobota yaliondoka siku hiyo hiyo, kufuli likabadilishwa kwa komeo la kufungua kwa mkono kutoka ndani. Mara ya pili, sekunde 28. Kama una pesa ya kazi moja tu, fanya hii. Ngazi hugeuka bomba la moshi. Moto ukianzia chini, walio juu wanafikiwa na moshi kabla hawajaona mwali.

Mtungi wa kuzimia moto wa poda, wa kilo 6, ulikuwa na mshale wa kipimo cha presha kwenye kijani, lakini nyigu walikuwa wamejenga udongo ndani ya mdomo wa mpira. Poda nayo hugandamana chini: upindue mtungi, sikiliza kama inatiririka. Ule wa kabonidayoksaidi ulio karibu na bodi ya umeme hauna kipimo cha presha. Unapimwa kwa mizani na kulinganishwa na uzito ulioandikwa juu yake. Kilo 6 za poda huisha chini ya nusu dakika, ndiyo maana tulikubaliana anayeuona moto apige kelele kwanza, na mwingine apige simu zimamoto, 114.

Kwenye karatasi kila hatari ina jina la mhusika na tarehe ya mwisho. Narudia kila miezi sita, na tena wiki mbili kabla ya Idi, maana ndipo marobota yanapoingia na ngazi inaanza kuonekana kama rafu.