Kabla ya kununua kompyuta kumi za kijiji

Miradi mingi ya kufundisha teknolojia vijijini huanza kwa kuhesabu mashine. Ianze kwa kumtafuta mteja: kuna nani, ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu, atakayemlipa mwanafunzi kwa anachojifunza? Kozi ya miezi mitatu ya kuandika barua kwenye kompyuta, mahali ambapo hakuna ofisi hata moja, huzaa vyeti tu.

Kaa sokoni siku kadhaa uulize. Simu ngapi zimelala kabatini kwa kukosa fundi? Watu huenda wapi kuchapisha karatasi, au kujaza maombi ya chuo na ajira mtandaoni? Sola za majumbani zikigoma, anaitwa nani? Vikundi vya kuweka na kukopa vinatunzaje hesabu zao? Majibu ndiyo mtaala.

Mara nyingi ufundi wa simu ndio unaolipa mapema, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mwanafunzi azuiwe kufungua simu kabla ya kupima. Abadilishe kwanza waya na chaja, kisha asafishe tundu la chaji kwa kijiti kikavu cha mbao, simu ikiwa imezimwa. Uchafu ulioshindiliwa mle huigiza kabisa ubovu wa tundu. Halafu apime betri kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Betri ya litiamu ya kawaida iliyojaa husoma karibu volti 4.2. Iliyoshuka chini ya 2.5 isilazimishwe kuchaji, na iliyovimba isitobolewe wala kubonyezwa.

Kwenye kulehemu ndiko simu za wateja huharibikia. Risasi ya kulehemia inayotumika kiwandani siku hizi kwa kawaida haina madini ya risasi, na huyeyuka karibu nyuzi 217 za Selsiasi. Ile ya zamani, ya bati na risasi, huyeyuka kwenye 183. Mwanafunzi akiona tundu la chaji bovu halitoki hukandamiza na kuvuta, na vipande vya shaba vya bodi, yaani ubao wa saketi wa simu, vinang'oka nalo. Dawa yake ni kupaka flaksi (dawa inayosaidia risasi kuyeyuka na kushika vizuri), kuongeza risasi ya zamani juu ya kiungo ili mchanganyiko uyeyuke kwa joto dogo zaidi, kisha kuinua taratibu bila nguvu. Madirisha yawe wazi, na mikono ioshwe kabla ya kula. Kila mwanafunzi ang'oe na kurudisha matundu ishirini kwenye bodi mbovu kabla ya kugusa simu ya mtu. Bodi hizo mafundi wa mjini wanazo tele, na wengi hutaka tu kuziondoa mezani.

Sasa umeme. Kompyuta mpakato kumi zinazokula wati 40 kila moja kwa saa tano ni wati-saa 2,000. Ongeza upotevu wa inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia vifaa vya kawaida, iwe 2,300. Betri ya asidi ya volti 12 na amp-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu kila siku itakufa mapema, kwa hiyo zinatakiwa mbili. Kwa paneli, chukua saa tano za jua kali, toa asilimia 30 ya vumbi, joto na nyaya: utahitaji kama wati 660. Masomo yakiwekwa saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, sehemu kubwa ya umeme hutoka moja kwa moja kwenye paneli na betri hupumzika. Kompyuta za mezani, kwa kuwa hula umeme mwingi zaidi, zitavuruga hesabu yote hii, hata zikitolewa bure. Na majirani wataleta simu kuchaji, utake usitake. Simu janja thelathini ni karibu wati-saa 750, kwa hiyo zihesabu tangu mwanzo na uzitoze.

Kompyuta zilizotumika zinafaa, mradi ziwekewe diski ya SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, na kumbukumbu isiyopungua GB 4. Ikiwa mashine nzima inafanya kazi ila kila tovuti inalalamika kuhusu usalama, tazama tarehe. Kibetri cha CR2032 kwenye ubao mama kikiisha, saa hurudi miaka nyuma na vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa. Watu wametupa mashine nzima kwa ajili ya kibetri hicho.

Intaneti isiwe sharti la kuanza. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia nzima bila mtandao, ile ya Kolibri hubeba masomo na mazoezi, na vyote viwili hukaa kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayorusha Wi-Fi darasani.

Uchaguzi wa wanafunzi ni mgumu kuliko vifaa. Kijana akishapata ujuzi huondoka, na hana kosa. Barefoot College ya Tilonia, nchini India, ilianza kufundisha ufundi wa sola kwa wanawake wa makamo, bibi wengi wakiwemo, baadhi yao wasiojua kusoma, kwa kutumia rangi na alama, kwa sababu wao hubaki kijijini. Mimi ningechanganya: nusu vijana, nusu wenye mizizi.

Katika bajeti, tenga angalau moja ya tano kwa vipuri: vioo, matundu ya chaji, fyuzi, nyaya, betri. Fundi mpya asiye na kioo cha kubadilisha humrudisha mteja wa kwanza mikono mitupu, na wa pili haji.