Washindani wa Detroit walikuwa watu wa nyumba moja

Ndugu na jamaa wakija Detroit kututembelea, wengi huomba kupiga picha mbele ya majengo marefu ya makampuni ya magari. Mimi huwapeleka kwanza Mtaa wa Piquette, kwenye kiwanda cha zamani cha Ford ambacho siku hizi ni makumbusho. Hapo ndipo mtu anaanza kuelewa kwamba vita vya biashara vilivyoujenga mji huu vilipiganwa na watu waliojuana vizuri. Walikula sahani moja, wakakorofishana, kila mmoja akaenda kufungua chake.

Jengo lenyewe ni la matofali, ghorofa tatu, refu na jembamba. Madirisha yamejaa pande zote, maana mwaka 1904 fundi alitegemea mwanga wa jua. Sakafu ni ya mbao, na madoa ya mafuta bado yanaonekana. Ghorofa ya tatu, upande wa nyuma, kuna chumba ambacho Henry Ford alikitenga na kukitia kufuli. Humo ndani Ford alikaa kwenye kiti cha kubembea cha mama yake huku mafundi wachache, akiwemo Joseph Galamb aliyehamia kutoka Hungary, wakichora gari lililokuja kuitwa Model T.

Hilo kufuli lilikuwa na maana yake. Walter Flanders, msimamizi aliyeipanga mitambo ya Ford mpaka kazi ikaenda haraka, aliondoka mwaka 1908, mwaka huohuo Model T ilipotoka. Akaungana na wenzake wawili wakaanzisha kampuni ya E-M-F, na magari yao wakayatengeneza hapohapo Mtaa wa Piquette.

Ford naye alishaonja uchungu wa namna hiyo. Mwaka 1902 alikosana na wenye mtaji wa kampuni iliyokuwa na jina lake, akatoka. Wale wenye mtaji wakamwita fundi mmoja mzee, Henry Leland, awakadirie thamani ya mitambo wauze wafunge. Leland akawashauri wasifunge, akawaletea injini yake, na kampuni ikabadilishwa jina ikawa Cadillac. Ford hakusahau. Miaka 20 baadaye Leland alikuwa na kampuni nyingine, Lincoln, nayo ikafilisika. Ford akainunua kwa dola milioni 8, na kabla mwaka 1922 haujaisha, Leland na mwanawe walikuwa wameshatolewa nje. Mimi naona lile lilikuwa deni lililolipwa na riba.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha ndugu wawili, John na Horace Dodge. Ford alipoanza mwaka 1903 hakuwa na uwezo wa kutengeneza kila kitu, hivyo injini, gia na ekseli zilitoka kwenye karakana ya akina Dodge. Kwa kuwa fedha taslimu ilikuwa haba, wakapewa asilimia 10 ya hisa. Gari likauzika, gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, likamiminika, na mwaka 1914 wakatoa gari lao wenyewe. Yaani mfuko wa Ford ndio uliokuwa ukimlisha mshindani wake. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1916 Ford akasitisha gawio la ziada, akidai fedha ziende kwenye upanuzi na kupunguza bei ya gari. Akina Dodge wakamfikisha mahakamani, na mwaka 1919 Mahakama ya Juu ya jimbo letu la Michigan ikamwamuru alipe gawio la dola zaidi ya milioni 19. Mwaka huohuo akanunua hisa zao kwa dola milioni 25 ili asiwe na mbia tena.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri, na kila nikisimama kwenye laini nawakumbuka watu hawa. Anayeniongoza ameshapita kampuni nyingine kabla ya hii. Akiweka mkono kwenye boliti anajua kama imekazwa sawasawa, na ujuzi huo hakuuacha getini alikotoka. Sisi wahamiaji tunaambiwa mara nyingi kwamba vyeti vya nyumbani havina kazi hapa, tuanze upya. Kinachoniuma ni kwamba mji huu wenyewe ulijengwa na ujuzi uliobebwa mikononi mwa watu wa mbali.

Mtazameni William Knudsen, kijana wa Copenhagen aliyeingia Marekani mwaka 1900 akiwa na miaka 20. Akapanda ndani ya Ford mpaka akawa miongoni mwa waliojua uzalishaji kuliko wote, kisha mwaka 1921 akaondoka baada ya kutofautiana na bosi. Washindani wake, General Motors, wakamchukua, na mwaka 1924 wakampa aongoze Chevrolet, tawi lao la magari. Ford aling'ang'ania gari lile lile, akiamini bei ndogo inatosha: mwaka 1925 Model T ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 260. General Motors walikuwa na kampuni yao ya kuwakopesha wanunuzi wa magari tangu 1919, na Knudsen akapanga mitambo ya Chevrolet iweze kubadilishwa kila muundo mpya ulipokuja. Mwaka 1927 Chevrolet ikamwacha Ford nyuma kwa mauzo. Mwezi Mei Model T ikasimamishwa baada ya magari milioni 15, viwanda vikanyamaza kwa miezi kadhaa vikisubiri gari jipya, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani bila mshahara.

Mwaka 1937 Knudsen akawa rais wa General Motors yote. Ford alikuwa bado hai, pale Dearborn, mji jirani na Detroit.