Nilivyoamua kusomea kriminolojia

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unafikiria kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, na papo hapo atakuona umeshafika makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Barabara ya Kiambu, unapima nyayo za jambazi. Mjomba wangu alikwenda mbali zaidi: "Kama ni polisi unataka, nenda Kiganjo. Miaka minne chuoni ya nini?" Swali lenyewe lilikuwa la haki. Mpelelezi wa DCI ni polisi kwanza, na shahada peke yake haimpi mtu pingu.

Mimi nilitaka kujua jambo moja: ukimtoa polisi, nani mwingine anakula jasho lake kwa kuuelewa uhalifu? Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalikuwa yametoka na nilikuwa nyumbani tu, kwa hiyo nilianza kupanda matatu za Jogoo Road hadi Mahakama ya Makadara. Katiba inataka kesi zisikilizwe hadharani, na wengi hatuitumii nafasi hiyo. Unazima simu, unakaa benchi la nyuma, unanyamaza.

Nilichokiona hakikufanana na sinema. Karani anasoma shtaka, anauliza "Ni kweli au si kweli?", na kabla hujamkariri mshtakiwa usoni keshaitwa mwingine. Chang'aa, ugomvi wa majirani, simu iliyoibwa. Cesare Lombroso, daktari wa Italia, alidai mwaka 1876 kwamba mhalifu wa kuzaliwa anajulikana kwa taya na fuvu lake. Nadharia hiyo ilitupwa zamani, ila mjomba bado ni mfuasi wake ("huyo sura tu ni ya mwizi!"). Pale kizimbani nyuso zilikuwa zile zile ninazopanga nazo foleni ya maji kwetu Kayole.

Asubuhi moja kijana alikiri kuiba simu. Hakimu hakumhukumu papo hapo, aliagiza ripoti ya probesheni, yaani ya kuona kama anaweza kuangaliwa akiwa nje ya jela. Nilimfuata afisa wa probesheni mpaka kwenye korido, nikamsalimu, nikamwomba anieleze kazi yake. Alikuwa na faili kwapani na haraka zake, lakini alinisikiliza. Ataenda nyumbani kwa yule kijana, akae na mama yake. Atamuuliza chifu, atamtafuta aliyeibiwa. Akitolewa, atalala wapi? Nani atamwamsha aende kazini? Aliyeibiwa bado ana hasira, au anataka tu simu yake?

"Hakimu ananisoma kabla ya kuamua," aliniambia. "Nikiandika ovyo, mtu anaenda ndani ovyo."

Hapo ndipo niliposhikika. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya umma badala ya jela, kama kifungo kinachomfaa hakizidi miaka mitatu. Probesheni nayo ni kati ya miezi sita na miaka mitatu chini ya uangalizi. Lazima awepo mtu wa kumweleza hakimu nani anafaa kipi, na mtu huyo anahitaji kujua kwa nini watu huiba, si nani ameiba tu. Afisa yule alinitajia pia Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, kwa wanaopenda takwimu. Mimi na hesabu tuliachana kidato cha tatu, nikamshukuru tu.

Kwenye KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, nikaweka kriminolojia ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kwanza, kisha ya Egerton, na sosholojia chini yake, kwa kuwa maafisa wa probesheni hutoka huko pia. Mjomba ameiacha Kiganjo, sasa anauliza mshahara. Nimemwambia ukweli: mwajiri ni serikali, na wanaozisubiri nafasi hizo ni wengi. Amekubali kunisaidia karo ya muhula wa kwanza, kwa masharti kwamba likizo nitakuwa dukani kwake.