Deiwaka wa besi

Simu ya deiwaka, yaani mpigaji anayeitwa kuziba pengo la mwenzake kwa muda, haichagui saa. Mpiga besi wa bendi fulani amefiwa huko Tanga, au amepata mkataba wa hoteli Zanzibar, na bendi ina harusi Sinza Jumamosi hii. Kiongozi anapekua majina kwenye simu mpaka anafika kwangu: "Kaka, Jumamosi upo?" Kama nipo, nasema nipo. Halafu, kabla hatujataja hela, namuuliza kama mwenye nafasi anajua kwamba nimepigiwa mimi.

Kuna wanaoshangaa swali hilo. Lakini wapiga besi wa Dar es Salaam tunajuana karibu wote, na nafasi kwenye bendi ndiyo ada ya shule ya watoto wa mtu. Kwa hiyo nampigia mwenyewe. Nampa pole kama ana msiba, namwambia nitamshikia mpaka arudi, kisha namwacha aongee. Hapo napata mambo ambayo kiongozi hawezi kunipa: kwamba katika wimbo fulani mwimbaji hurudia kiitikio bila kutoa ishara, kwamba mpiga dramu akichoka mwendo unarudi nyuma, kwamba wimbo wa kuingilia bibi harusi siku hizi wanaupiga kwa kii (sauti ya msingi ya wimbo) ya F badala ya G. Simu hiyo fupi inanifaa kuliko mazoezi ya siku nzima.

Na kiongozi akininong'oneza usiku huohuo nibaki nao moja kwa moja, namjibu wazungumze kwanza na mwenzangu. Katika hili sibadiliki. Bendi inayomtoa mtu akiwa msibani, mwakani itanitoa mimi nikiwa nimelazwa.

Bendi nyingi za sherehe hupiga kopi, yaani nyimbo za bendi nyingine, na kopi za zamani ndizo ngumu. Anayedhani besi ni kujaza nafasi awasikilize Mlimani Park, yaani Sikinde, bendi iliyoanza mwaka 1978, au Msondo Ngoma, ambao walizaliwa mwaka 1964 wakiitwa NUTA Jazz. Besi katika nyimbo zile inaimba. Zinatoka sauti mbili tatu, inanyamaza, tumba inapita kwenye ule uwazi, kisha besi inarudi palepale ambapo mguu wa anayecheza ulikuwa unaingoja. Ukiujaza uwazi ule kwa sababu tu vidole vyako ni vyepesi, wimbo umekufa. Na ukumbini hakosekani mzee aliyezicheza nyimbo hizo ujanani. Huyo anaijua mistari ya besi kwa kuiimba, na ukiibadilisha atakufuata wakati wa chakula. Mie nawapenda sana wazee hao. Nakaa nao, nawauliza nani alipiga nini na wapi, maana mengi wanayoyakumbuka hayajaandikwa popote.

Kisha kuna chemko. Sehemu ya kwanza ya wimbo inakwenda polepole, waimbaji wanasimulia, na besi unaitembeza kwa utulivu. Solo akibadilisha, wimbo unachemka na wanenguaji wanaingia. Deiwaka akichelewa hapo hata kwa pigo moja, ukumbi mzima unahisi, hata wasiojua kilichotokea. Hivyo mimi husimama pale ambapo namwona mpiga dramu mguu wa kulia, ule unaokanyaga dramu kubwa, na namwona mpiga solo uso wake. Mguu unaniambia niweke wapi sauti, uso unaniambia lini tunahama. Nikikuta jukwaa limepangwa vibaya naomba kwa upole nihamie upande wa hai-hati, vile visahani viwili vya dramu vinavyokanyagwa. Sijawahi kukataliwa.

Sasa vyombo. Wanamuziki wa NUTA Jazz walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, na magitaa na ampli zilikuwa mali ya chama. Bendi nyingi za mashirika ziliishi hivyo. Mtu akihama bendi aliondoka mikono mitupu. Siku hizi kila mtu anakuja na gitaa lake, jambo zuri, lakini ampli ya besi mara nyingi ni ya mmoja tu, au ni ya fundi mitambo aliyekodiwa. Ampli ya mwenzako ina vitufe alivyovipanga kwa masikio yake. Nakipiga picha kila kitufe kabla ya kugusa, na kabla sijafungasha navirudisha vyote kama vilivyokuwa. Atakaporudi kutoka Tanga atakuta sauti yake inamsubiri.

Gitaa langu ni la nyuzi nne. Nyuzi tano nazo nimepiga, na kwa nyimbo za sasa za Kikongo zinafaa, lakini kwa dansi la kwetu nne zinatosha, na shingo nyembamba inanisaidia kuruka. Hewa ya Dar ni kali kwa gitaa. Chumvi na unyevu vinakula nyuzi, jasho linamalizia. Kila baada ya shoo napangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Nyuzi zikififia sauti na mwezi haujafika mwisho, nazivua na kuzichemsha kwenye sufuria dakika chache, nazikausha vizuri, nazirudisha. Zinaamka kwa muda, si kwa siku nyingi, lakini harusi ya Jumamosi zinaipiga.

Kama gitaa lako lina betri ya volti 9 ndani, chomoa waya kila unapopumzika. Jeki ikiwa imechomekwa, betri inatumika hata kama hupigi, na ikiishia katikati ya chemko sauti inaanza kukwaruza kisha inapotea. Betri mpya ninayo mfukoni daima, ya Kariakoo, bado imo kwenye karatasi yake. Nina pia waya wa pili, ekstensheni yangu mwenyewe, na bisibisi ya testa, ya kupimia umeme.

Testa ina sababu yake. Kumbi nyingi, na hasa mahema ya sherehe yanayotumia jenereta, umeme wake hauna ethi ya kuaminika, yaani waya wa kuupeleka umeme uliovuja ardhini. Dalili ya kwanza ni mvumo. Umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde, na sauti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene ni mara 49. Ndiyo maana mvumo ule unasikika kama G iliyopanda kidogo, na wimbo wowote wa kii ya G unachafuka, besi na mvumo vinasuguana. Lakini uchafu wa sauti ni jambo dogo. Mwimbaji anayepiga gitaa huku mdomo wake ukigusa maiki inayotoka kwenye soketi nyingine anaweza kurushwa na umeme. Mimi naomba ampli zote na mikisa, chombo cha kuchanganyia sauti, vichukue umeme sehemu moja, na kama fundi mitambo ananiona mjuaji, bora anione hivyo. Bendi ikimpoteza mtu kwa waya, kumbi zote za Dar haziwezi kumrudisha.

Kuhusu sauti kubwa: besi inahitaji nguvu nyingi ili isikike ikiwa safi. Wati 50 zinamtosha mpiga solo, lakini besi kwa wati hizo mbele ya dramu itakwaruza tu. Wenye 300 wapo na nawaonea wivu wa heri. Ila nguvu hiyo ni ya kukupa usafi, isigeuzwe kelele. Ampli ukiisogeza kwenye kona ya ukuta sauti nzito inaongezeka bila kugusa kitu, kwa hiyo ukumbi ukivuma naisogeza mbali na ukuta kwanza, ndipo napunguza. Kwenye harusi natazama meza ya wazee. Wakianza kuongea kwa kusogezeana vichwa masikioni, napunguza bila kungoja MC aje.

Kati ya wimbo na wimbo mkono wangu unakaa juu ya nyuzi. MC anamwita shangazi wa bwana harusi, kiongozi anataja kii ya wimbo unaofuata, na hapo besi inayotomasatomasa ni kumkatiza mtu mzima akizungumza. Tyuna, kifaa cha kupimia nyuzi, ninayo ya miguuni inayozima sauti, naweka sawa kimya kimya. Nguo nauliza mapema: bendi ikivaa nyeupe, navaa nyeupe.

Kutunzwa nako kunahitaji kuulizwa kabla. Kuna bendi ambazo noti iliyobandikwa kwenye paji la uso ni ya aliyebandikwa, na kuna ambazo kila kitu kinakwenda kwenye kapu la pamoja. Deiwaka asiyejua anaweza kutia mfukoni hela ya watu tisa akidhani ni yake. Mpiga besi hutunzwa mara chache, kwa hiyo ikitokea macho yote yanakuangalia unachofanya na noti ile.

Malipo nakubaliana siku ya simu, pamoja na nauli ya kurudi, kwa kuwa saa nane usiku kutoka Sinza na gitaa mgongoni ni bajaji, bodaboda sipandi nalo. Nikifika nyumbani namtumia mwenye nafasi ujumbe atakaousoma asubuhi: nyimbo zilizopigwa, ule mmoja walioushusha tena kwa sababu koo la mwimbaji halikuwa sawa, breki mpya waliyoiongeza mwisho wa chemko, na kwamba uzi wa pili wa gitaa la akiba la bendi umeanza kuota kutu, aje na mwingine.